Kwa Nini Lori Halina Filta

Alhamisi, jioni

Kwa kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini homa imekuachia. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo lakini anakula.

Kaka, uliniuliza kwa ukali kwa nini lori lako linakunywa oili, na mimi ninayepanga safari zake nimekaa kimya. Una haki, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio.

Baba ameondoa filta ya hewa. Kutwa anabeba kokoto kwenye vumbi la machimbo, bomba la hewa likiwa wazi. Fundi amesema ringi za pistoni zimelika, na kwamba mtu akipanda mahindi ndani ya injini ile yataota. Baba akamjibu kwamba yeye ameshika usukani fundi akiwa bado anabebwa mgongoni, na injini za zamani hazitaki kuzibwa pua. Nilinunua filta mpya, akaitoa. Nikanunua nyingine, nikaikuta chini ya kiti, haijafunguliwa hata boksi.

Jumanne nilimwomba fundi aifunge Baba akiwa anakula, kisha nikapanda naye. Ule mngurumo ukawa umetulia. Kwenye kilima Baba akakosa gia, ikasaga, akakosa tena. Akaegesha pembeni, akaniuliza kama gari limezima. Halikuwa limezima.

Hapo ndipo aliponiambia. Sikio moja limekufa, la pili linashika ngurumo tu. Bila filta injini inapiga kelele, na kwa kelele hiyo anajua wakati wa kubadili gia. Aliniomba nisikwambie, kwa kuwa utamshusha, na akishushwa hajui atakuwa nani katika nyumba hii. Akaitoa filta pale pale barabarani, nami nikamshikia spana.

Nilikusudia kumsitiri. Lakini jana, akirudi nyuma machimboni, wapakiaji wote walipiga mayowe na yeye akaendelea kurudi. Mmoja alijitupa pembeni, akaponea chupuchupu. Baba akashuka akitabasamu, akawauliza mbona wamekaa kama waliofiwa.

Leo nimeuficha ufunguo. Ameniuliza kama nimeuona. Nikamjibu, kwa sauti ile ninayozungumza naye siku zote, kwamba ninao na siutoi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuutafuta.

Njoo, kaka. Kumwambia ni lazima, na mimi kumpazia Baba sauti siwezi.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekungoja.