Nimeificha Saikadi ya Mama

Mama Waithira mpendwa,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa sababu nimefanya jambo ambalo nikilisimulia watu watacheka, lakini mimi mwenyewe limeninyima raha kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Butere, naishi Kiplombe, hapa Eldoret, na mume wangu Cyril. Mama yangu alipofariki kaka zangu waligawana shamba, na mimi kwa kuwa nimeolewa sikuulizwa neno. Nikaona mmoja wao ameshika jembe anataka kung'oa saikadi iliyokuwa mbele ya nyumba ya mama ili apate nafasi ya kujenga, nikamwambia usiitupe, nipe mimi, akacheka akasema chukua, nikaileta Eldoret ndani ya gunia. Kwa wasioijua, ni ule mti mfupi wenye kisiki cha magamba kama nanasi kubwa, na kichwani majani marefu magumu yanayofanana na ya mnazi. Nilinunua chungu kikubwa cha saruji, nikakijaza udongo mweusi wa shambani na mbolea ya ng'ombe, nikaipanda kando ya mlango, na majani yote yakakauka. Miaka miwili ikakaa kisiki kitupu, Cyril akawa ananiambia, "Mama Lynette, tupa hiyo kitu, umepanda gogo," lakini kila asubuhi nikitoka nilikuwa naigusa, naona bado ni ngumu, najiambia bado iko hai.

Basi mwaka huu mvua ilipoanza, katikati ya kile kisiki yakachomoza majani mapya yote kwa pamoja, laini, yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, na mimi nililia pale mlangoni nikachelewa kazini. Cyril naye akayaona, akafurahi kwa namna yake. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, majirani tunaosali pamoja kila Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo akasimama mbele ya watu akasema, "Mwaka huu hatutazunguka tukiomba majani ya Matawi kwa watu. Mke wangu ako nayo kwa mlango, mpya kabisa." Watu wakapiga makofi. Tulipofika nyumbani nikamwambia Baba Lynette, hiyo ndiyo kwanza imetoa, akanijibu, "Si ni majani tu? Itatoa ingine. Na mama yako alikuwa anapea kanisa kila mwaka, wewe umekuwa mchoyo aje?"

Hilo neno lilinichoma kwa sababu ni kweli, mama alikuwa akitoa, namkumbuka akiinama na kisu akikata yale ya chini akiyaacha ya juu, na katekista akimngoja kwenye ua. Cyril alipoenda kazini nikaita mtu mwenye pikapu, nikaipeleka kwa rafiki yangu Joyline anayekaa Elgon View, tukaificha ndani ya stoo iliyo kando ya gereji yake ili watu wa jumuiya wakipita wasiione, na jioni nikamwambia Cyril imeingiwa na wadudu, nimeipeleka kwa mtu wa miche aitibu.

Nilidhani yameisha. Alhamisi iliyofuata, wakati wa maombi, Cyril akasema tuikumbuke pia saikadi ya mke wangu ipone kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, na watu wote wakaitikia, na mimi pia, Mama Waithira, niliitikia kwa sauti.

Jana nilienda kuiona. Majani yamerefuka kupita kiasi, membamba, yamepauka, yote yameinamia upande wa mlango wa stoo. Joyline kwa wema wake ameiwekea sahani pana chini ya chungu na anaimwagilia kila asubuhi, maji yamejaa mpaka yananuka, na pembeni mwa kisiki nimeona vivimbe kama vitunguu, sijui ni ugonjwa gani. Nikiirudisha nyumbani itakatwa, nikiiacha kule naona itakufa. Nifanye nini? Ni kitu cha pekee nilichopata kwetu.

Leonida, Kiplombe

*

Leonida,

Kabla hujafuta machozi, mpigie Joyline simu amwage maji ya ile sahani. Haya mengine usome ukishampigia.

Umempigia? Sasa tuongee. Mimi nina kitalu cha miche njia ya Kaptagat na nimezika saikadi nyingi za watu, na sijawahi kuzika iliyokufa kwa kiu. Zote ziliuawa na watu wema wenye mkebe wa maji. Yako haijafika huko. Nenda leo, ubonyeze kisiki kwa kidole gumba, kuanzia chini kabisa. Kikiwa kigumu kila mahali kama ulivyokizoea, pumua. Ukikuta mahali panabonyea, itoe chunguni, kata sehemu laini kwa kisu kisafi mpaka ufike penye nyama nyeupe ngumu, paka jivu, uiache kivulini ikauke kabisa kabla ya kurudi udongoni. Lakini kwa jinsi ulivyoandika, nadhani utaikuta ngumu.

Kisha irudishe nyumbani. Ndiyo, nyumbani, na leo. Saikadi inapotoa majani haihamishwi hata kwa upande wa pili wa veranda, wewe ukaitia stoo yenye giza. Majani yamerefuka kwa sababu yanatafuta mwanga, na hayatarudi kuwa mafupi, hayo ndiyo utakayoishi nayo. Usiyakate kwa sababu ni mabaya, ndiyo yanayoilisha. Wala usiitoe gizani ukaianika juani, itaungua. Iweke chini ya paa penye mwanga wa asubuhi, uisogeze nje kidogo kidogo kadiri majani yanavyokuwa magumu. Na hapo chini ya paa itaepuka mvua ya mawe, maana ya Eldoret haichagui.

Hiyo mbolea na udongo mweusi, nani alikushauri? Hapo ulipanda kana kwamba ni sukuma wiki. Majani yakishakomaa vizuri na kuwa magumu, ihamishie kwenye mchanganyiko wa mchanga mzito wa mto na kokoto ndogo, na majani yaliyooza kiasi. Chungu kiwe na matundu unayoyaona kwa macho, kisiwe kikubwa kuliko mizizi inavyohitaji, na kisiki kikae juu ya udongo, usikizike. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uisahau. Chomeka kidole udongoni, ukigusa unyevu, achana nayo. Baridi ya Julai ikija, isogeze karibu na ukuta na uipunguzie maji zaidi. Basi. Mti huu hautaki kubembelezwa.

Sasa kuhusu mumeo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ulipomwambia Cyril kwamba hiki ndicho kitu cha pekee ulichopata kwenu. Sijapaona. Umeniambia mimi nisiyekujua. Umemwambia Joyline, nadhani. Cyril ulimwambia "hiyo ndiyo kwanza imetoa," naye akasikia habari za majani. Mtu ambaye hajaambiwa kaburi liko wapi atalikanyaga, na huwezi kumlaumu kwa hilo.

Lakini naye ana lake. Kuahidi kitu cha mke mbele ya watu kabla ya kumuuliza mke ni tabia ya wenyeviti wengi, na makofi huwanogea. Kwa hivyo atarudi mwenyewe mbele ya jumuiya aseme niliharakisha, nilikuwa sijamuuliza mwenye mti. Hatakufa. Na wewe utasimama baada yake uwaambie mti haukuwa mgonjwa, niliuficha. Watacheka, acha wacheke. Afadhali wakucheke Alhamisi moja kuliko uendelee kuitikia maombi ya uongo kila wiki. Majani ya Matawi watapata. Kiplombe nzima imezungukwa na ua wa saipresi unaolia kupunguzwa, na umati ule wa Yerusalemu ulikata matawi ya njiani, haukubisha hodi kwa mtu.

Na kama Cyril atakuuliza tena kuhusu mama yako, mjibu kwa maneno yako mwenyewe uliyoniandikia. Mama yako alikata ya chini, akaacha ya juu. Ya chini ni yale yaliyozeeka, yaliyokwisha kufanya kazi yake. Halafu mti wake ulikuwa ardhini. Mti wa ardhini ukipungukiwa, mizizi yake huenda ikatafuta mbali. Wa chunguni una kile tu ulichoutilia, na huu wako umeishi miaka miwili kwa akiba ya kisiki chake. Ukiunyang'anya majani haya ya kwanza sijui kama una akiba nyingine. Mama yako hakuwa mchoyo wala wewe si mchoyo. Yeye alijua kukata, na mumeo hajui. Mfundishe.

Nimeacha vile vivimbe mwisho kwa makusudi. Leonida, huo si ugonjwa. Hao ni watoto. Saikadi huzaa pembeni mwa kisiki namna hiyo, vitunguu vidogo vyenye magamba, na kila kimoja ni mti. Usiviguse sasa. Viache vinenepe, na baridi ikiisha, kimoja kikishajaa ngumi yako, kitenganishe kwa kisu kisafi, kikae kivulini mpaka kidonda kikauke kabisa, ukipande kwenye chungu kidogo chenye mchanga ule ule na kokoto. Kitanuna kama mama yake alivyonuna. Usikibembeleze.

Kikishatoa majani yake, mwambie Cyril akubebee mpaka kanisani. Amwombe padri kona kando ya ua, pasipotuama maji, na mkipande chini, ardhini, nyinyi wawili. Muweke mawe kukizunguka, maana majani yake na mbegu zake ni sumu kwa mbwa na kwa mtoto anayetafuna kila kitu. Itachukua miaka mingi kabla ya mtu kukata hata jani moja pale, na mwenyekiti akiuliza lini, mwambie angoje kama sisi wengine.

Kaka zako waligawana shamba, wewe ukaondoka na gunia. Mti wa mama yako utapata ardhi tena, hapa Eldoret, na Jumapili ya Matawi mama atakuwa akitoa majani mwenyewe, yale ya chini, kama alivyozoea.

Mama Waithira