Kata Niliyoisahau Jukwaani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na kioski cha maji kimefunguliwa tena. Dada Dama akusomee polepole, asiruke mistari kama kawaida yake. Mimi ni mzima, na mtihani nimefaulu. Nimelitanguliza hilo ili usisikilize ukiwa umeshika kifua.

Hapa Ujerumani tulitakiwa kuonyesha mchezo mfupi kwa mitindo miwili ya karne ya kumi na tisa. Katika ule wa zamani, mwigizaji huwakabili watazamaji, huinua mikono na kupaza sauti. Akilia, hata aliyeketi nyuma kabisa hujua. Wa pili ulishamiri karne ikielekea ukingoni: jukwaa likawa nyumba kamili, yenye mlango wa kweli na chakula cha kweli, watu wakizungumza kana kwamba hawatazamwi, na mwelekezi akawa ndiye anayepanga kila hatua. Unanijua. Niliudharau wa kwanza, nikaandika kurasa na kurasa kuutetea wa pili, kisha nikatunga mchezo wa mwanamke wa kwetu Ganze anayerudi na maji na kumkuta mumewe amefungasha virago.

Nikaagiza mtungi wa lita ishirini, ujazwe pomoni. Mwigizaji wangu, Marta, akajitwika, akapiga hatua tatu, shingo ikapinda, akapiga ukelele.

"Katana," akasema mwalimu wangu, "hapa hatumwoni mke anayeachwa. Tunaona ajali. Toa maji, au toa mchezo."

Nilibishana naye mpaka akavaa koti akaondoka. Zilibaki siku mbili, na bila mtihani ule ningerudi nyumbani bila shahada. Ndipo nikakupigia ile simu, nikakuficha hofu yangu. Ukacheka.

"Kwani huko Ulaya hakuna mabomba, hata mnatwishana mitungi?" Kisha ukauliza, "Kata umempa?"

Sikuwa nimempa, Mama. Mimi niliyesoma vitabu vyote vile kuhusu ukweli wa jukwaani sikuwahi kukifikiria kile kitambaa kinachoviringwa na kuwekwa kichwani chini ya mtungi. Mitungi ilikuwa yako na ya Dama; mimi nilikuwa ndani, nasoma.

"Na asiuwaze mtungi," ukaongeza. "Aseme maneno yake. Mimi nikija na maji hugombana na Mama Sidi njia nzima."

Nikaiviringa leso uliyonipa siku ya safari, ikawa kata ya Marta. Maji tukayapunguza nusu. Hapo mwalimu alinishinda, nakiri. Siku ya mtihani, mtindo wa zamani ulitangulia, nao ukawaliza watu, kwa hiyo nimeacha kuutukana. Kisha Marta akaingia tena, akigombana na jirani asiyeonekana, akamwona mumewe, akanyamaza, mtungi ungali kichwani. Waliokaa nyuma wakainuka vitini wamwone vizuri.

Mwalimu akauliza ni nani aliyemfundisha kutembea vile.

"Mwelekezi wangu yuko Ganze," nikajibu.

Akataka jina. Nikampa lako kamili, akaliandika kwenye karatasi ya mtihani, juu ya langu. Kwa mara ya kwanza sikubishana naye.

Mnisalimie bibi, na baba mdogo aliye shambani Adu. Mama Sidi aambiwe kwamba ugomvi wake umefika Ujerumani. Naye Dama ajue kuwa nikirudi, mtungi wa kwanza ni wangu, majirani wacheke wapendavyo. Leso ililowa, lakini haikuchanika.

Ni mimi mwanao mbishi,
Katana