Kwa Mwanangu Aliyenizika kwa Kiingereza

Mwanangu Mwende,

Mimi sijambo. Tafadhali lisome neno hilo mara mbili, maana kuna watu huko uliko wanaoamini kwamba niko chini ya udongo wa Kilungu, na wewe ndiye uliyewaambia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba kitanifanya nikuonee huruma, na Kiingereza umekwisha kukitumia kunizikia. Barua hii siifungi. Kadi yako ya rambirambi ilisomwa mbele ya kanisa zima, basi na jibu langu alisome anayetaka.

Unaikumbuka meza ya jikoni? Ulikuwa umetoka Nairobi kufanya ule mtihani wa Kiingereza, ukapungukiwa nusu alama kwenye sehemu ya kuandika. Chuo cha Uingereza kikakujibu kwamba nafasi yako ipo, ila kwanza uende mapema ukae wiki kumi katika darasa la kuwaandaa wageni, mfundishwe Kiingereza cha wasomi. Ukifaulu utaingia digrii, ukifeli utarudi kwenu. Ulilia siku nzima, ukiniita mama kwa Kikamba chetu: "Mwaitu, mimi nimesoma na Kiingereza tangu class four! Sasa naenda kuwekwa class moja na watu wenye hawajui hata kusema good morning?"

Nilikuwa nachambua ndengu. Nikakuambia ukidharau darasa, darasa litakudharau, na kesho yake nikaitoa saa ukutani nikaiweka mbele yako. Kila alasiri nilikupa mada, ukaandika dakika arobaini. Nikisema "kalamu chini", uliiweka chini hata kama neno halijaisha. Nimefundisha chekechea maisha yangu yote na ile sauti haijawahi kunitoka. Ulikuwa ukinitazama kwa hofu, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nami nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuona bado unaniogopa.

Ukaenda. Jumamosi mchana, nikishatoka shambani, ulikuwa unanipigia na kunisimulia darasa lako. Kulikuwa na msichana wa Kichina, Lin, aliyejua maneno mengi kuliko wewe lakini hathubutu kufungua mdomo. Kulikuwa na kijana Mwarabu aliyeongea mpaka mwalimu akamwomba apumzike. Mwalimu mwenyewe mlimwita Hazel, hivyo hivyo, kama mtu mnayechunga naye mbuzi. Nilikukemea, ukacheka, ukasema ndivyo alivyotaka.

Ulinisomea aya zako kwenye simu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba msomi wa huko hasemi jambo moja kwa moja. Anasema "huenda", anasema "inaelekea". Na kila anachodai lazima aonyeshe amekitoa wapi. Ukichukua maneno ya mtu bila kumtaja, umeiba, unafukuzwa. Nilipendezwa mno. Niliwaambia akina mama wa kanisa kwamba kuna darasa Uingereza ambalo linamfundisha Mwende wangu kutosema neno lisilo na ushahidi. Walinisikiliza kwa heshima. Sasa wananikumbusha kila tukikutana.

Nikuulize basi, msomi. Ushahidi wa kifo changu uliutoa wapi?

Kadi ilikuja kwenye sanduku la posta la kanisa, kwa kuwa ndiyo anwani uliyowapa. Pasta, unamjua alivyo na mapenzi na Kiingereza, hakuifungua ofisini. Aliifungulia mimbarini baada ya matangazo. "Wapendwa, tumepata card kutoka ng'ambo, kutoka kwa university ya Mwende wetu! Wacha niwasomee nikitafsiri."

Nilikuwa benchi la tatu upande wa kina mama. Akasoma mstari wa kwanza kwa Kiingereza, nami nikauelewa kabla yake. Yeye ni mtu anayeamini chochote kilichoandikwa, kwa hiyo akaendelea kutafsiri kwa sauti ya mazishi kabisa: "Tunasikitika sana kwa sababu ya kifo cha mama ya Mwende..." Akanitazama juu ya miwani.

Jirani yetu Mama Kioko alinishika mkono, nadhani kuona kama una joto. "Kwani ulikufa lini na jana tumechuma maovakado na wewe?"

Kanisa lote likaangua kicheko. Nami nikacheka, Mwende. Nilisimama nikawapungia mkono kama mgombea ubunge, wakacheka zaidi, mpaka pasta akalazimika kuanzisha wimbo. Nilitoka kabla haujaisha, nikaenda nyuma ya vyoo vya kanisa, nikalia peke yangu huku nimeziba mdomo na leso ili watu wasidhani marehemu ana kinyongo.

Nyumbani niliisoma kadi yote. Yule Lin ameandika kwa maandishi ya kwao, na chini yake kwa Kiingereza, kwamba mama yako anakuona. Mwarabu ameniombea mahali pema. Hazel ndiye aliyeniua kabisa. Aliandika kwamba anajua ulikuwa unanisomea kazi zako kila Jumamosi, na kwamba sasa utalazimika kujisomea mwenyewe. Yaani hata hilo uliwapa. Ungeweza kuwatungia mama wa kubuni, ukamuua huyo. Wewe ukachukua Jumamosi zetu ukazipamba juu ya jeneza.

Nilikupigia jioni hiyo hiyo. Ulipopokea nikasema, "Niko mbinguni, nimepata network." Hukucheka. Nilingoja uanze kudanganya, maana ningefurahi zaidi, lakini ukaanza kusema kweli na hilo likaniudhi.

Ukasema insha kubwa ya mwisho, ile iliyobeba kozi nzima, Hazel alikurudishia rasimu akaandika kwamba Kiingereza ni kizuri lakini ndani hamna hoja yako hata moja. Umeyapanga ya watu wengine vizuri, wewe mwenyewe hupo. Ukakaa chumbani siku baada ya siku mbele ya karatasi tupu. Siku ya kukabidhi ikapita. Aliyechelewa anafeli, isipokuwa ana sababu nzito, na kuna fomu ya sababu nzito, na ndani ya fomu kuna kisanduku cha kufiwa.

"Nilitick tu, mwaitu. Nilitick tu."

Walikupa wiki mbili za kunililia. Ukazitumia kuandika. Ukafaulu, tena kwa sifa. Mwalimu akasema mara hii sauti yako imesikika.

"Na kwa nini mimi?" nikakuuliza. "Nyanya yako je?"

"Nyanya si close relative. Wameandika kwa fomu."

Nyanya yako, Mungu amrehemu, ulikuwa umekwisha kumuua ukiwa kidato cha pili, kule bweni Kasikeu, ulipochoka na maharagwe ya shule. Wakati huo tayari alikuwa na miaka sita kaburini. Mwalimu mkuu aliniita, akanipa pole kwa mkwe wangu, nami nikaipokea kwa mikono miwili, nikajifuta macho, nikakuchukua. Tulicheka njia nzima mpaka ukashikwa na kwikwi. Nilikununulia soda. Kwa hiyo usidhani sijui mahali ulipojifunza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na watu hupenda kuisema methali hiyo wakitazama mtoto wa jirani.

Nikakuuliza tena: kwa nini hukuniambia tu kwamba umekwama? Ukasema, polepole, "Mwaitu, kukuua ilikuwa rahisi kuliko kukuambia nimefeli."

Sentensi hiyo haikuwa na "huenda" ndani yake. Nilikata simu.

Unajua nilichokumbuka? Ulikuwa darasa la sita ukawa namba tatu. Namba tatu kati ya watoto zaidi ya hamsini. Mama mwingine angechinja kuku. Mimi nilichinja kuku kweli, nikamkaanga, nikakubebesha bakuli umpelekee Nduku aliyekuwa namba moja, nikakuamuru umpe kwa mikono miwili na kumwambia hongera. Ulishuka kilima na bakuli la nyama usiyoruhusiwa kuionja. Nilikutazama kutoka mlangoni mpaka ukapotea kwenye migomba. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Muhula uliofuata ukawa namba moja, nikajisifu kwa watu kwamba dawa imefanya kazi.

Basi najua. Mtoto niliyemtuma na lile bakuli hawezi kunipigia simu aniambie ameshindwa insha. Najua, na bado sikusamehe. Mtu anaweza kuwa na makosa yake na bado akakasirika kuzikwa.

Sikukupigia tena, na ulipopiga sikupokea. Ulimtumia kaka yako Musyoki ujumbe wa kuniomba radhi, anisomee. Nikamwambia asome kwa sauti ya chini, marehemu hasikii vizuri.

Sasa lipo jambo jingine. Musyoki alikwisha kukuambia, lakini nataka ulipate kutoka kwangu. Nina uvimbe tumboni. Nilidhani ni uzee, nikaufunga leso nikaendelea kulima, mpaka siku moja nilishindwa kuinuka shambani. Daktari kule mjini Wote anasema utolewe haraka. Nimemuuliza kama ni ule ugonjwa mbaya. Na yeye nadhani amepitia kozi kama yako, kila sentensi yake ina "huenda". Nilimwangalia usoni, nikapata jibu langu.

Siku Musyoki alipokupigia kukuambia, alikuwa ameweka simu spika. Hakukuambia kwamba nimeketi hapo hapo, namenya viazi vitamu. Nilisikia ulivyolia, na moyo wangu ulikimbia kukuelekea, sitakuficha. Ningesema jina lako. Ndipo nikasikia ukisema:

"Sasa nitaomba ruhusa aje, Musyoki? Kwa file yangu mum alishakufa. Wakijua nilidanganya watanitoa, na visa iishe hapo." Ukavuta pumzi. "Ama niseme ni auntie."

Kisu kilinikata kidole. Musyoki alinitazama, nikamfanyia ishara akate.

Auntie. Nimekubeba tumboni, tumbo hili hili, nikakuzaa kwa siku mbili, na sasa limevimba mimi ni shangazi.

Anwani ya Hazel iko nyuma ya kadi. Juzi niliketi mezani, nikaandika barua kwa Kiingereza kumweleza kwamba mimi ni mzima, nina uvimbe, na nina binti mwongo. Ilikuwa barua nzuri, yenye hoja na ushahidi. Ningeituma, ungekuwa hapa kabla ya mvua. Ungekaa kando ya kitanda changu, umefukuzwa, huna digrii, huna pa kwenda, wangu kabisa. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, na lilikuwa tamu.

Leo asubuhi nimeiwashia jiko. Usinishukuru. Sikuichoma kwa kukuhurumia. Niliichoma kwa sababu nilikuona ukipanda kilima na sanduku, umefeli, na watu wanakutazama, nikagundua kwamba kati ya kufa bila wewe na kukuona umerudi hivyo, nachagua kufa. Unaona mama uliyepewa? Hata sasa. Hata na tumbo hili.

Nakupenda, Mwende. Naliandika mara moja tu, na silirudii.

Upasuaji ni Jumanne, kwa hiyo barua hii Musyoki ataipiga picha akutumie kwa simu. Usije. Usiombe ruhusa kwa jina la shangazi, siingii chumba cha upasuaji nikiwa shangazi ya mtu. Musyoki nimemwapisha, na pasta nimemwapisha, na Mama Kioko nimemnyang'anya namba yako: hakuna atakayekupigia kukuletea habari, ziwe nzuri au mbaya. Wewe habari mbaya ulikwisha kuzipokea mapema kuliko sisi sote, ukapewa na likizo yake.

Nikitoka salama nitakupigia mwenyewe Ijumaa, ukiwa umetoka darasani. Simu ikilia, pokea. Isipolia, usimpigie mtu kumuuliza. Kaa hapo usome.

Ni mimi,
Mama yako.