Kijiji Chako Chini ya Maji

Koko Doris,

Chumba chako hapa kwenye nyumba ya wazee amepewa mzee mwingine. Zamani alikuwa fundi wa magari, anapenda mpira na hataki nifungue pazia. Tumeanza kuzoeana, ila siku za kwanza nilipita mlango ule bila kutazama ndani.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza changu unakijua: kinatosha kumuuliza mtu anaumwa wapi, au kama amekula. Haya ninayotaka kukueleza hayaenei humo. Nadhani huko uliko hakuna haja ya mkalimani.

Unakumbuka tulivyotafuta jina la kukuita? Wenzangu kazini walikuita Doris tu, nami ulimi ukakataa. Mtu aliyezaliwa kabla ya mama yangu nitamwitaje jina tupu? Nikajaribu Bibi, nikacheka peke yangu, maana kwetu Kivu bibi ni mke wa mtu. Ndipo nikakuita Koko, kama tunavyowaita wazazi wa wazazi wetu. Ulilizungusha neno mdomoni kama anayeonja uji, ukasema, "Nalipenda. Ni kama sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia."

Mwaka wako wa mwisho ulianza kutaka kwenda nyumbani. Jioni, chakula kikishaisha, ulivaa koti ukaelekea mlangoni. Mara moja walikukuta nje kwenye maegesho ya magari, una ndara miguuni na theluji ya hapa Tonawanda, jirani na Buffalo, inakupiga usoni. Nesi mkuu akasema ikitokea tena utahamishiwa upande ule wa milango ya kufungwa. Ulisikia.

Kesho yake ukavaa koti tena. Nikakuuliza, "Koko, nyumbani ni wapi?" Nilidhani utataja nyumba uliyoishi na marehemu mume wako, karibu na kiwanda alichofanyia kazi. Ukasema, "Kelbeck."

"Bon, twende," nikasema. Nikakushika mkono tukaingia kwenye korido. "Tunaanzia wapi?"

"Darajani."

Tukaanzia darajani. Ukanieleza kwamba kwenu, kaskazini ya Uingereza, beck ni kijito, na kwamba chini ya daraja lile wanaume waliwaosha kondoo kabla ya kuwanyoa. Mlango wa chumba cha kufulia, pale kwenye korido, ukawa ndio kwa mhunzi, mtu mwenye vidole pungufu ambaye watoto walimwogopa bure. Baada yake duka la peremende za kwenye chupa. Halafu shule yenye jiko moja la makaa, ambapo mwalimu alimkalisha karibu na moto mtoto aliyefika ameloa zaidi. Mwisho kanisa, baba yako akiimba sauti ya nne. Tulipofika dirisha la mwisho ulikuwa umechoka. Ukavua koti mwenyewe, ukanipa nilitundike.

Tulitembea hivyo kila zamu yangu. Nesi mkuu alitutazama, kisha akasema, "Endelea." Hawakukuhamisha.

Siku moja nilikuuliza nani anakaa Kelbeck sasa. Ukaniangalia bila kucheka. "Samaki," ukasema.

Kisha ukanieleza. Mji wa mbali ulihitaji maji. Walikuja watu na vyombo vya kupimia ardhi, baadaye ukaitwa mkutano shuleni, watu wazima wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nyumba zikanunuliwa, zikabomolewa. Makaburi yakafunguliwa. Nyanya yako akapandishwa mlimani ndani ya sanduku jipya, na baba yako akatembea nyuma yake kofia mkononi, kama vile nyanya huyo amekufa mara ya pili. Halafu wakajenga ukuta bondeni, na maji yakaanza kupanda. "Hayakuja kwa hasira," uliniambia. "Yalikuja kama mgeni anayejua utamwachia kiti." Miaka mingi baadaye jua lilikausha ziwa lile, daraja likajitokeza, na watu wakaja na vikapu vya chakula kupiga picha. Mama yako alikataa kwenda.

Na mimi nikakuambia jambo moja tu la kijiji chetu, kule milimani Fizi, juu ya Ziwa Tanganyika. Nilisema, "Chetu kilichomwa." Hukuuliza zaidi. Ulinishika mkono tukakaa, mpaka kengele ya chumba kingine ikaniita.

Uliondoka theluji ikiyeyuka, ukiwa usingizini.

Koko, mazishi yako yalikuwa mafupi mno. Kwetu kuna matanga. Watu wanalala pale, wanakula pale, wanamzungumza marehemu mpaka wanafika kwenye yale yanayochekesha. Wewe ulipewa nyimbo mbili na maua. Mchungaji akasema, "Alizaliwa Uingereza," akaendelea mbele, akakuvusha bahari kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa nyuma na nguo za kazi.

Mlangoni binti yako Judith alinishukuru kwa kukutunza. Nikamwambia pole, na kwamba nitaikumbuka Kelbeck. Akaniuliza, "Kelbeck ni nini?"

Hakujua. Nilisema, "Ni kijiji cha mama yako." Alikuwa na ndege ya kuwahi. Akanishika mabega akasema siku nikifika Louisville, anakokaa, nisipite bila kumwona.

Nilifika wakati wa joto. Binti wa binamu yangu alikuwa anaolewa Louisville, upande wa Iroquois, ambako watu wetu ni wengi hata ukipiga chafya dukani unajibiwa kwa Kiswahili. Harusi ilipoisha nikaenda kwa Judith, Jeffersontown. Alinipikia chai ya maziwa. Nikamtembeza kijiji chako palepale mezani, kutoka darajani hadi kanisani, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea.

Mwanzo alilia vizuri. Baadaye uso ukabadilika. "Mimi ni mtoto wake," akasema. "Miaka yote hii nilikuwepo. Kwa nini alikuambia wewe?"

Niliwawaza wanangu. Nina watoto watatu, wanajua majina ya wachezaji wote wa Buffalo, na jina la mlima wetu hawalijui. Je, nimewanyima kwa kuwa siwapendi? Nikamwambia, "Wewe alitaka kukupa nyumba nzima. Mimi nilikuwa mgeni. Mgeni unaweza kumwonyesha palipobomoka."

Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine, na mimi nilidhani nimeharibu. Kisha Judith akafuta macho, akauliza, "Yule mhunzi, vidole vyake vilikatikaje?"

Sikujua! Hukuwahi kuniambia, Koko. Tukaangaliana, tukacheka hadi chai ikapoa. Pale ndipo nilipoona matanga yako yamefika.

Wakati wa kurudi Buffalo, mimi na binti yangu tulilala Columbus kwa kaka yangu Wilondja. Yeye ndiye mkubwa wetu, namwita Yaya, kama kwetu tunavyowaita kaka na dada wakubwa. Anafanya kazi ghalani, anaimba kwaya, anasaidia kila mtu kuhama nyumba. Ila wazee wa kanisa wakianza kuzungumza mambo ya kijiji, yeye husimama akaenda kuangalia gari lake, hata kama gari halina tatizo.

Tulikuwa tunakula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, mimi na yeye na binti yangu Neema. Nikaanza kumweleza habari zako, bila nia yoyote. Nikafika kwenye yale masanduku mapya. Yaya akaacha kula.

"Wao waliambiwa mbele," akasema. "Donc, kumbe walipewa wakati wa kuhamisha watu wao."

Siku tulipokimbia, mimi na Mama tulishuka ziwani na wengine, Yaya akabaki nyuma na Baba ambaye alikuwa amepigwa risasi. Tulipoonana tena ilikuwa kambini Tanzania, naye alikuja peke yake. Mama alimuuliza mara moja tu. Alijibu, "Baba hatuko naye." Mama alikufa bila kuuliza tena, na mimi nimeishi nikiamini Baba alibaki barabarani.

"Sikumwacha njiani, Riziki," Yaya akasema. "Alikufa mikononi yangu. Tulimzika, mimi na mzee mmoja wa kanisa. Tulikuwa na jembe moja, tunapokezana. Ni nyuma ya kanisa, upande wa mto, pale kwaya ilikuwa inaanika ngoma zake. Kichwa tuliweka kielekee ziwa."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema, nikakumbuka swali la Judith, nikaliacha. Yaya alikuwa analia bila sauti, ameshika tonge ambalo limeshakauka. Ndipo Neema, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza siku zote, akamwuliza polepole, kwa Kiswahili kilichovunjika, "Mjomba, babu alikuwa mtu gani?"

Yaya akamwangalia mtoto. Akavuta pumzi. "Babu yako," akasema, "alikuwa mwongo mkubwa wa hadithi za samaki." Akaendelea hadi sahani zikakauka, na gari lake hakwenda kuliangalia.

Judith amenipigia juzi. Anataka mwaka kesho aende asimame kando ya maji yale, na anauliza duka lilikuwa kabla ya shule au baada. Nimemwambia kabla. Nimesema kweli?

Na hii ndiyo ahadi yangu kwako. Mwezi wa kumi na moja, kwenye sikukuu ya kushukuru, nitawapeleka watoto wote watatu Columbus. Yaya amekubali kuwapandisha mlima wetu kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Mimi nitapika na kunyamaza, na akifika nyuma ya kanisa nitakaa karibu naye.

Haya, Koko, pumzika. Kama huko umekutana na mzee mrefu wa kutoka Fizi, anayecheka kabla hajamaliza hadithi yake, msalimie sana. Mwambie tumejua alipolala.

Mimi wako,
Riziki