Shamba la Kufika Kiunoni

3 Februari

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya goti lako la kushoto, maana nasikia siku hizi ndilo lenye kauli humo ndani. Mimi sijambo, nakula, nanawiri, nikipita barabarani watu wanageuza shingo. Fundi rangi ninayemsaidia anasema wanageuka kwa sababu nywele zangu zimejaa chokaa. Wivu huo.

Bibi, jirani yako kaniandikia. Anasema alikukuta umekaa chini kwenye tuta la mchicha tangu asubuhi, umeshindwa kuinuka, na hapo hapo unaendelea kupalilia mpaka pale mkono unapofika. Sasa hiyo ni kazi au ubishi? Funga nyumba uje tuishi. Kitanda changu ni kipana, utachukua wewe, mimi nitalala mlangoni kama askari.

Mumeo kijana,
Mjukuu

11 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Goti nalo limeitikia, umelisikia likilia kwaa? Kifua kizima, macho yanaona, na meno yaliyobaki yanatosha kukucheka.

Ni kweli nilikwama. Daktari kaniambia nisiiname tena, nikamnunia. Lakini nije huko nifanye nini? Uliniambia mwenyewe uani kwenu ni saruji toka ukuta hadi ukuta. Mimi nisipochuma kitu nilichokipanda, siku yangu haijaisha. Ukiniweka kitandani nitazame dari, utanizika kabla ya mwaka. Nioneshe mboga inayoota hapo kwenu, nitakuja. Hakuna mboga, hakuna mke.

Bibi yako

24 Februari

Kwako Bibi mwenye masharti,

Shikamoo. Natumai goti limelala vizuri na mwenye goti pia.

Umeshindwa! Sisi tulioishia darasa la sita tuna akili ambazo hazikutumika, zimebaki mpya. Kazini ndoo za rangi zikiisha hutupwa. Nimebeba kumi na moja, nimezisugua mpaka zinang'aa. Wala sikuokota ovyo: kila ndoo niliijaza maji kwanza, inayovuja nikairudisha jalalani. Zote nzima, hazina tundu hata la sindano. Udongo nimeupata kwenye msingi unaochimbwa, mbolea nimepewa na mfuga kuku baada ya kumfagilia banda. Mchicha, nyanya na vitunguu, vyote vimeingia tarehe ishirini. Namwagilia asubuhi, mchana na jioni, sina uchoyo. Senti sijatoa. Anza kufunga mizigo.

Mjukuu wako, bwana shamba

2 Machi

Mume wangu,

Salamu zitafuata nyuma. Toboa ndoo! Chini, matundu matano, kila ndoo. Maji yasipopata pa kutokea, mizizi inazama kama mtu. Mwagilia mara moja tu kwa siku. Na hiyo mbolea ya kuku ilikuwa imekaa, au umeibeba bado ya moto? Ikiwa mbichi inaunguza. Jibu upesi.

Bibi

12 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa wasiwasi. Mimi sijambo kupita kiasi.

Matundu? Nilishatoboa kabla hujawaza. Mboga zimefurika, majirani wanapita na vikapu wakijifanya wamepotea njia. Ili usiseme ni maneno matupu, nimekuwekea humu ndani majani matatu ya mchicha na vikonyo vyake. Nimeyachuma leo kwa mkono huu huu. Sharti limetimia. Unakuja lini?

Mjukuu wako

21 Machi

Mjukuu wangu,

Sijambo. Majani nimeyapokea. Nimeyaloweka kwenye sahani yakafunguka, nikavaa miwani.

Vikonyo vina alama ya kamba pande zote. Tangu lini mtu akachuma mboga mlangoni kwake, kisha akaifunga fungu kama ya sokoni? Na mchicha wa siku ishirini hauwi na kikonyo kinene kama kidole gumba changu. Mimi mchicha nimeulea miaka mingi kuliko nilivyokulea wewe, na haujawahi kunidanganya.

Sikukasirika kwa ajili ya mboga, mboga hufa. Nimewaza hivi: nikija huko nitaishi na mtu ambaye akishinda njaa ataniambia ameshiba. Nikiugua ataniambia daktari kasema nimepona. Hapa goti likinikwamisha, angalau najua nimekwama wapi. Nabaki kwangu.

Bibi yako

5 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu, si kazi. Kazi ipo kidogo.

Ukweli ni huu. Barua yako ya matundu ilinikuta nikiwa na ndoo kumi na moja za uji. Vitunguu vilikuwa vinanuka. Mbolea ilikuwa mbichi, bado ina moshi. Mchicha niliununua. Muuza mboga aliniuliza mbona nachagua jani mojamoja kama nachagua mchumba.

Nikazimwaga zote. Nimetoboa matundu kwa msumari wa moto, matano kila ndoo, nimehesabu. Mbolea nimeifunika na gunia wiki sita, sasa imepoa, haina harufu. Tena nimewaza jambo: ndoo ziko chini na wewe huinami. Fundi amenipa mlango wa zamani, nataka niulaze juu ya matofali niupandie mboga, uwe kama meza. Sijui kimo. Pima kwa uzi kutoka sakafuni hadi kiunoni mwako, unitumie. Hata kama huji. Nimeshaanza, sitaki kuujenga kwa kukisia.

Mjukuu wako

14 Mei

Mjukuu,

Marahaba. Uzi huu hapa. Nimepima nikiwa na viatu.

Bibi

22 Juni

Kwako Bibi mwenye kiuno cha matofali matatu, mlango mmoja na mbao ya shubiri moja,

Shikamoo. Mzima mimi, ila kidole nimekipiga nyundo, na kosa ni la nyundo.

Habari za shamba, nzuri na mbaya kama zilivyo. Mlango ulipasuka katikati siku ya kwanza, udongo ukiwa na maji ni mzito kama mkwe. Nimejenga nguzo nyingine ya matofali chini yake. Mbao nimeizungushia pembeni izuie udongo, ndani nimetandika magunia, na mlango nimeutoboa sehemu ishirini. Mchicha umeota mezani, lakini umebanana, nilimwaga mbegu kwa pupa. Kati ya ndoo kumi na moja, nane zina uhai. Tatu zimegoma, sijui kwa nini. Nyanya zina wadudu weupe chini ya majani, nawaosha kwa maji ya sabuni, kesho wamerudi na shemeji zao.

Mwenye nyumba alikuja kutazama. Nilidhani ananifukuza. Akasema tu maji yasitiririke mlangoni kwake.

Jani sikutumii. Ni madogo, na yana matundu ya wadudu. Chumba nacho, nilikuambia kitanda ni kipana: si kipana. Sikuulizi utakuja lini. Nimekuandikia yalivyo.

Mjukuu wako

3 Julai, uani kwako, saa nane mchana

Mume wangu mdogo,

Mwenye nyumba kanifungulia geti na chumba chako. Aliniuliza mimi ni nani, nikamjibu mimi ndiye mke wa mwenye meza. Amenipa kiti na karatasi hii, na alicheka mpaka akakohoa.

Kitanda ni chembamba kweli. Ndoo tatu zilizogoma umepanda vitunguu chini mno, vinatafuta njia. Wale wadudu nimeshasalimiana nao.

Mchicha nimeupunguza nikiwa nimesimama wima, meza nzima, toka upande huu hadi ule, na goti halikusema neno. Nimemaliza nikatazama huku na huku, hakuna kazi nyingine.

Kwa hiyo ukirudi usivue viatu. Geuka moja kwa moja ukamwombe fundi wako mlango wa pili.

Mkeo