Siku Waliponidhania Mlevi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Na mihogo ya bondeni imeshika? Huku kambini Nakivale mimi mwanao ni mzima, ingawa mwezi uliopita nusura uletewe habari za kaburi langu.

Unajua najichoma sindano ya sukari asubuhi na jioni. Kanisani sikumwambia mtu, niliona haya. Basi tukaanza mfungo wa siku tatu, nami kwa akili zangu fupi nikajiambia: sindano ni ya chakula, asiyekula ya nini? Nikaiacha.

Siku ya pili nikashikwa na kiu isiyokatika. Tumbo likauma, nikatapika, nikawa nahema kama mtu aliyekimbizwa. Kinywa kikanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kiongozi wa maombi akaninusa, akaruka: "Mutu anafunga na ananuka kasiksi!" Pombe ya ndizi, mama! Mimi, nisiyejua hata ladha yake! Wakanilaza nje mpaka ulevi uishe, na ulimi ulikuwa mzito kujitetea.

Hapo akapita Concilie, jirani yetu Mrundi anayeuza nyanya soko la Base Camp. Mama, yule mwanamke ana moyo! Mkatoliki kabisa, lakini alipita katikati ya walokole wetu kama mwenye nyumba, akapiga magoti, akaninusa, akauliza kama nina sukari. Nikaitika kwa kichwa. "Huyu hakulewa, anakufa! Muite boda!" Alinishikilia mwenyewe kwenye pikipiki mpaka kliniki, na kutoka pale gari likanipeleka hospitali ya Mbarara.

Huko nilitundikiwa maji na kurudishiwa dawa. Muuguzi akanikaripia: "Hata kama hakuna kula, sindano hapana acha! Ukitapika, ukisikia kiu mingi, pima sukari, kuja mbio." Kiongozi wetu alikuja kuniona, akalia. Siku hizi kabla ya mfungo anauliza nani anajichoma, na huyo anamwambia aombe akiwa amekula.

Niliporudi nikaenda kumshukuru Concilie, nikamuuliza aliijuaje ile harufu. Aliendelea kupanga nyanya zake.

"Marehemu bwana yangu alinuka vile vile. Nikamufungia inje, nikasema alale na pombe yake."

Nisalimie mjomba fundi wa mitumbwi, na shangazi wa kwaya. Nawe mama, ukipiga magoti, mtaje Concilie kwa jina.

Mwanao,
Bahati