Siku ya Karpe huko Bugarama

Magara, tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu Cibalonza,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bujumbura, kile kikohozi kimekuachilia, na mama mwenye atelie bado anakupa nguo za kushona. Mimi ni mzima wa mwili. Elda, mke wangu, anakusalimu, hajui ninachokuandikia.

Serikali bado imelifunga ziwa ili samaki wazaane. Mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, na sisi wavuvi tunagombana kwa kukosa kazi. Unanijua nikikaa bure: ulimi unakuwa mchungu, na wa kwanza kupita mbele yangu ndiye anayenikoma. Mwezi wa sita aliyepita alikuwa Emery wako.

Alikuja kwa adabu zote, na shati la kanisani, mikono ikinuka mawese ya mtambo aliokuwa akifanyia kazi Rumonge. Alisema kwa kuwa baba hayupo, mimi ndiye wa kuombwa. Nilimwona mwembamba, macho ya manjano, na sikumpenda. Nikamwambia sitajibu kitu mpaka tuvue pamoja. Unajua desturi yetu: mahari ikiwa bado haijapokelewa, mchumba hakatai neno la kaka wa msichana. Akaniita muramu, kama Warundi wanavyomwita shemeji, akasema yuko tayari.

Siku zile Wenceslaus, mwenye shamba kule Bugarama, alikuwa anatafuta wavuvi wa kumtolea samaki aina ya karpe katika bwawa lake la kunyweshea mboga, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Tukapanda huko tarehe 8 Julai, alfajiri. Baridi ya milima ile haina huruma. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, na vidole havikuweza kushika ndoana. Njiani Emery alinisimamisha. "Muramu, mimi niko na SS, ule ugonjwa ya damu, tangu kuzaliwa," aliniambia. "Maji ya baridi iko inanifunga mifupa. Cibalonza nitamwambia mwenyewe Jumapili." Nikamjibu kwamba nimesikia.

Uvuvi wenyewe ulikuwa aibu. Mimi niliyezoea ndagala, wale dagaa wa ziwani wanaokuja wenyewe kwenye taa, niliamini karpe nao watakuja kwenye unga. Tulikaa mpaka saa sita, hata mmoja hakugusa. Wenceslaus akacheka mbele ya wafanyakazi wake. Alisema wavuvi wa Magara bila taa si kitu. Akasema baridi ikizidi karpe hulala kwenye tope, na lazima mtu aingie alikanyage ili wakimbilie wavuni. Kicheko kile kiliniuma sana. Nikamgeukia Emery, nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba anayetaka binti wa wavuvi haogopi maji.

Alinitazama kidogo. Kisha akaingia na suruali yake, simu ikiwa mfukoni. Maji yalimfika kifuani. Alikanyaga tope upande huu hadi ule, nami nimeshika wavu ukingoni, miguu mikavu. Tulipata wanne. Nikasema hawatoshi, akarudi. Mara ya tatu meno yake yaligongana hata Wenceslaus mwenyewe akasema basi. Mimi nikasema bado. Tulitoa karpe kumi na mmoja, wakubwa, na jioni ile Emery alipelekwa hospitali Rumonge kwa pikipiki, amejikunja, hawezi kunyoosha mguu.

Cibalonza, nilikuambia kwa simu kwamba amepata msichana Nyanza-Lac na hataki kukuona tena. Ni uongo. Alikuwa kitandani, simu yake imeharibiwa na maji, na kila nilipoingia aliniomba nikuite. Niliogopa kwamba ukija atakueleza ya bwawani. Siku ya tatu nikamwambia umeshajua ugonjwa wake na umekataa kuja. Aligeukia ukutani. Alikufa kesho yake.

Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilifurahi kuwa na mtu asiyeweza kunikatalia. Ninakuandikia kwa sababu kila ukipiga simu unamtukana, nami nimechoka kusikia hayo peke yangu.

Mama yake, Kornelia, anaamini kwamba ulimtupa mwanawe. Makaburini alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi tu niliyekuwa na utu. Nikazipokea shukrani zake. Jumamosi wanaondoa kilio, wanamaliza matanga, na ameniomba nisimame nisimulie siku za mwisho za Emery. Nimekubali. Ya bwawani sitayasema, nawe ukija kuyasema nitakukana mbele ya watu. Nitawaambia alikuwa kijana mwenye heshima, na kwamba hakuwahi kunikatalia neno.

Wasalimie wenzako wote wa atelie. Ukae na amani, ukiweza.

Ni mimi kaka yako,
Lukeba